Namna ya Kung'arisha Rangi ya Motokaa kwa Mkono

Barabara kuu mbili zavuka mpaka wa Kenya na Uganda katika Wilaya ya kale ya Busia, ambayo leo ni Kaunti. Moja hupita Eldoret na Bungoma mpaka Malaba, na ya pili hupita Kisumu mpaka Busia. Kwa njia hizo hupita malori, matangi ya mafuta, matatu, na motokaa zilizokwisha kutumika Japani, ambazo hushushwa bandarini Mombasa na kupelekwa Uganda na nchi zilizo mbele yake. Na hapo Busia ndipo, katika miaka ya 1960, vijana wenye baiskeli walipowachukua abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hata cha pili, likazaliwa jina la boda boda linalojulikana sasa katika Afrika Mashariki yote.

Penye vyombo vingi namna hiyo hapakosi kazi ya kuvisafisha. Kijana mwenye ndoo mbili, vitambaa safi na maarifa ya kazi aweza kujipatia riziki ya halali. Lakini asiye na maarifa aweza, kwa asubuhi moja, kuharibu mali ambayo mwenyewe ameitumikia miaka mingi. Kwa hiyo yafaa tujifunze jambo hili kwa utaratibu.

RANGI NI AKIBA

Kwanza yatupasa kujua rangi ya motokaa ni nini. Motokaa nyingi za zamani zilipakwa rangi ya namna moja tu juu ya rangi ya msingi. Motokaa nyingi za siku hizi zina matabaka matatu: chini ni rangi ya msingi ishikayo bati, katikati ni rangi yenyewe, na juu kabisa ni tabaka lisilo na rangi, liangazalo kama kioo. Tabaka hilo la juu kwa kawaida huwa na unene wa sehemu 4 au 5 za mia za milimita moja, yaani halizidi unene wa unywele mmoja wa kichwa.

Mtu akisugua rangi kwa dawa ya kung'arisha, haongezi kitu, bali anapunguza. Mikwaruzo huonekana kuondoka kwa sababu uso uliokuwa juu umesawazishwa ukafika usawa wa mikwaruzo ile. Basi unene wa rangi ni kama akiba iliyowekwa benki: waweza kutoa kidogo panapo haja, lakini akiba hii haiongezeki tena. Ukitoa kila wiki, itakwisha.

KWA NINI RANGI HUFIFIA

Busia iko karibu sana na Ikweta, haifiki nyuzi moja kaskazini yake, na jua la mahali hapo ni kali mwaka mzima. Miali yake huichosha rangi hata ikawa kavu na yenye unga kama chaki. Vumbi la barabara za udongo lina chembe za mchanga. Mtu akilifuta kwa kitambaa kikavu, ni sawa na kuisugua motokaa kwa msasa. Mavi ya ndege na utomvu wa miti huila rangi, hasa vikikaukia juani. Na wale wanaosimama siku nzima karibu na foleni za malori hupata chembe za chuma kutoka breki, ambazo hunata na kushika kutu.

Tena kuna madhara tunayoyafanya wenyewe. Sabuni kali ya unga huondoa nta yote iliyopakwa. Kupaka dizeli au mafuta ya taa ili bodi ipate kung'aa ni desturi mbaya: mng'ao wake ni wa saa chache, hunasa vumbi, na huharibu mipira ya milango na madirisha.

KUPIMA KABLA YA KUANZA

Fundi mwema hutazama kwanza, kisha ndipo ashike kitambaa. Vipimo ni vitatu.

La kwanza, sugua mahali padogo pasipoonekana kwa kitambaa cheupe chenye dawa kidogo. Kitambaa kikishika rangi ya gari, ujue kuwa hakuna tabaka la juu, nawe wasugua rangi yenyewe.

La pili, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukikwama, mkwaruzo huo ni wa kina. Usiufuate kwa kusugua, maana utatoboa rangi kabla ya kuumaliza. Usipokwama, yaelekea utapungua au utaondoka.

La tatu, angalia kama tabaka la juu limebambuka kama magamba ya samaki. Hali hiyo hutokea sana juu ya paa na boneti. Hapo hakuna dawa ya kung'arisha itakayofaa. Kazi ni ya mpaka rangi. Mwambie mwenye gari kweli, wala usipokee fedha zake kwa kazi isiyowezekana.

HATUA ZA KAZI

1. Kuosha. Weka motokaa kivulini na ungoje bodi ipoe. Tumia ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni laini ya magari, ya pili ya maji safi ya kusuuzia sponji. Mwagia maji kwanza ili vumbi litoke, kisha osha kutoka juu kwenda chini. Magurudumu yawe na kitambaa chake mbali.

2. Kuondoa uchafu ulionata. Vaa mfuko laini wa plastiki mkononi, upapase bodi iliyooshwa. Ukisikia chembe chembe, tumia udongo maalumu uuzwao kwa kazi hii, ukiuteleza polepole juu ya maji ya sabuni. Udongo huo ukianguka chini, utupe, kwa sababu umekwisha kushika mchanga.

3. Kung'arisha. Bandika utepe wa karatasi juu ya plastiki nyeusi na kwenye kingo za bodi, maana kingoni ndiko rangi ilipo nyembamba zaidi. Anza na dawa iliyo hafifu kuliko zote. Usichukue kali mpaka hafifu imeshindwa. Tia kiasi cha punje chache za maharagwe, usugue mahali pa futi mbili kwa futi mbili kwa nguvu ya kadiri, kisha ufute na kutazama kwa upande penye mwanga. Mkono huenda polepole kuliko mashine, lakini hauunguzi rangi upesi kama mashine iliyo katika mikono ya mwanafunzi.

4. Kupaka nta. Paka nta nyembamba sana, ingoje ipate ukungu, kisha ifute kwa kitambaa kingine kilicho safi. Nta nene haiongezi ulinzi, huongeza taabu ya kufuta tu. Rudia baada ya miezi miwili au mitatu. Kung'arisha kusirudiwe ovyo, lakini nta yaweza kurudiwa, kwa kuwa yenyewe haipunguzi rangi.

Njia hii hufaa pia kwa tangi la pikipiki, ambalo hukwaruzwa kila siku na magoti na zipu za koti.

KUTU NA MAWE

Jiwe lililorushwa na lori likitoboa rangi, paoshe, pakaushe, na pazibwe kwa tone la rangi inayolingana. Namba ya rangi kwa kawaida huonekana kwenye kibati kilichopigwa mlangoni au chini ya boneti. Kutu ikiwa imeanza, sharti isuguliwe mpaka chuma kionekane, kisha ipakwe rangi ya msingi kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MAONYO MATATU

Usioshee magari ndani ya mito. Mto Sio huingia Ziwa Victoria, na maji ya Mto Malaba huelekea Ziwa Kyoga. Mafuta tuyamwagayo huku hunywewa na watu na mifugo huko chini.

Usibadili rangi ya gari kimya kimya. Rangi imeandikwa katika kitabu cha gari, na badiliko lake hupelekwa kwa NTSA. Tangu Kituo cha Pamoja cha Mpaka cha Busia kifunguliwe rasmi mwaka 2018, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi pamoja. Gari jekundu lenye kitabu cha gari jeupe litamchelewesha mwenyewe na kumtia mashakani.

Mwisho, anunuaye motokaa kuukuu asidanganywe na mng'ao. Atazame chini ya milango, katika matao ya magurudumu, na chini ya zulia la buti, ambako kutu hujificha. Naye auzaye asitumie nta kufunika ubovu. Kazi ya kung'arisha ina heshima yake inapohifadhi kitu kizima. Na fundi asemaye kweli ndiye ambaye madereva wa Malaba na Busia watamrudia.