SOMO: KUSIKILIZA FANFARI YA BASODA, NA JUU YA NINI TUANZE NA TUBA



Fanfari ya basoda ikipita kwenye balabala, wote tunakimbia kuona. Tunaona nguo, tunaona fimbo ya yule anayetangulia, tunaona ngoma kubwa. Lakini ukiuliza mtu, «Umesikia nini?», anajibu: tarumbeta. Kile chombo kikubwa cha nyuma hakuna anayekitaja. Somo letu ni juu yake.

1. Tuba iko nini?

Tuba ilizaliwa jeshini. Tarehe 12 Septemba 1835, huko Berlin, Wilhelm Wieprecht, aliyeongoza muzika za jeshi la Prusia, pamoja na fundi Johann Gottfried Moritz, walipewa haki ya serikali juu ya chombo hiki kipya. Basoda wanapiga muzika nje, kwenye upepo, na walihitaji sauti ya chini yenye nguvu.

Mpigaji anatetemesha midomo ndani ya bomba. Bomba likiwa refu, sauti inashuka. Tarumbeta ya kawaida, ukiinyoosha, ina karibu meta 1,4. Tuba kubwa ina karibu meta 5,5, maana yake mara nne, njo maana sauti yake inashuka oktava mbili. Mpigaji akibonyeza pistoni, pumzi inapita katika bomba la kuongeza, na sauti inashuka tena.

Na bomba lenyewe? Ni shaba ya njano, yaani mukuba uliochanganywa na zinki. Mukuba tunaujua: kiwanda cha Shituru, hapa mujini kwetu, kilianza kuusafisha mwaka 1929. Zinki ilichimbwa Kipushi. Basi vitu vya kutengeneza tuba vilitoka katika udongo wetu, hata kama mafundi walikaa Ulaya.

2. Namna ya kusikiliza

Kwanza, sikiliza mguu. Tuba inapiga pale mguu unapogusa chini. Vyombo vya katikati vinajibu pale mguu unapoinuka. Ukiisha kusikia majibizano hayo, hutayapoteza tena.

Pili, ngojea ile sehemu ya wimbo inayoitwa trio. Mara nyingi muzika inakuwa laini pale. Tarumbeta zikipunguza kelele, utasikia tuba inavyobeba wengine.

Tatu, sikiliza pumzi. Tuba inakula pumzi nyingi sana. Wapigaji wakiwa wawili, wanapumua kwa zamu, huyu kisha yule, ili msingi usikatike. Wapigaji wazuri, hutasikia mahali walipoachiana.

3. Je, tufurahie muzika ya vita?

Hii ni swali kubwa kwa Likasi. Mwezi wa Septemba 1961, wakati muji uliitwa Jadotville, basoda wa Irlandi wa Umoja wa Mataifa walizungukwa hapa na wajandarme wa Katanga, wakapigana siku tano. Wazee wakisikia basoda wanapita, wengine hawachezi, wananyamaza. Tusiwacheke.

Lakini tukumbuke mambo mawili. Katika vita ya 1914–1918, wapigaji wengi wa fanfari za jeshi la Uingereza walipewa kazi ya kubeba majeruhi kwa machela. Na kisha vita ile, ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya kwa kuiga bendi za jeshi, ilisafiri na basoda na wapagazi, ikaingia hata Katanga. Watu wa Élisabethville waliiita mbeni. Walichukua hatua za jeshi na vyeo vya jeshi, wakavifanya kuwa mashindano ya kucheza na chama cha kusaidiana katika ugonjwa na kilio. Unguja, beni inapigwa mpaka leo kwenye arusi.

Na huko Fort Myer, karibu na Washington, fanfari ya jeshi la Marekani imekuwa ikiita mkutano wa wapigaji wa tuba. Basoda na raia wanakaa pamoja, wanasikilizana. Hakuna adui pale.

Basi chombo hakina kosa. Someni Isaya 2:4: hata chuma cha upanga kinaweza kupewa kazi ingine. Yule anayefurahia muzika hakusahau wafu, lakini ajue anafurahia nini.

4. Neno la mwisho

Someni tena 1 Wakorinto 12. Katika kwaya yetu kila mtu anataka kuimba sauti ya kwanza, na besi inakosa watu. Lakini besi ikianguka, wote wanaanguka. Siku fanfari itapita, msishangilie tarumbeta tu. Mtafuteni na yule wa nyuma, mwenye mashavu yenye jasho.

Maswali
1. Juu ya nini sauti ya tuba iko chini kuliko ya tarumbeta?
2. Shaba ya njano inatengenezwa na nini?
3. Uliza mzee mmoja nyumbani: fanfari inamkumbusha nini? Sikiliza jibu bila kumkatiza.