Kadirieni Vyema: Darsa Fupi kwa Timu ya Roboti



Ndugu zetu wa timu ya roboti wamekusanya michango ya kununua vifaa vya kuunganishia nyaya. Mmoja wao akaniuliza, kwa kuwa nasoma masomo ya Kiislamu: je, dini ina neno katika kuchagua koleo? Naam, inalo, na neno lenyewe ni kipimo.

Katika Surat Sabaa, aya ya 10 na 11, Mwenyezi Mungu anaeleza kuwa alimlainishia Nabii Daud (a.s.) chuma, akamwamuru atengeneze nguo za vita na akadirie vyema katika kuunganisha. Ibn Kathir anapokea ufafanuzi wa Mujahid: msumari usiwe mwembamba ukachezacheza ndani ya pete, wala usiwe mnene ukaipasua.

Waya na kichwa chake ni kama msumari na pete. Basi zingatieni haya:

1. Jueni waya kwanza. Waya wa mota hubeba umeme mwingi, hivyo huwa mnene. Wa kihisi huwa mwembamba. Vichwa vyenye plastiki nyekundu ni vya waya wa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5, vya buluu 1.5 hadi 2.5, vya njano 4 hadi 6. Kwenye vipimo vya Kimarekani, AWG, namba ikipanda waya hupungua unene.

2. Koleo la kuchunia waya liwe na matundu yenye vipimo. Wembe na meno hukata baadhi ya nyuzi za ndani. Mota ikielemewa, pale palipopungua hupata moto.

3. Koleo la kubania vichwa ndilo la kutolea fedha zaidi. Chagueni lisiloachia mpaka mbano ukamilike. Kisha vuteni waya: kama utachomoka, heri uchomoke mezani.

4. Multimita ya bei nafuu yatosha. Mkitafuta waya uliokatika, ondoeni betri kwanza.

Kabla ya kununua, pitieni kwa mafundi wa magari wa Buyenzi. Betri za volti 12 ndiyo kazi yao ya kila siku. Waombeni mjaribu koleo lao kwenye kipande cha waya wenu.

Michango ni amana. Kununua sanduku zima la vifaa msivyovihitaji ni israfu, na kununua koleo lisilolingana na waya ni hasara. Katika hadithi ya Shaddad bin Aws aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa ihsani imewajibishwa katika kila jambo, hata mchinjaji ameagizwa kunoa kisu chake.

Kiungo kibovu hujificha ndani ya plastiki. Majaji hawakioni, anayekijua ni aliyekibana, na Mola wake. Hapo ndipo ihsani inapopimwa.

Allah atujaalie tuwe wenye kuifanya kazi vizuri. Amin.