SOMO: WIMBO AMBAO MUNGU ANAUPOKEA

Maandiko ya kusoma: Zaburi 137:1-6, Amosi 5:21-24, Waefeso 2:14-16



Tulipokimbia tuliacha vinanda, magitaa na ngoma zetu, lakini nyimbo tulivuka nazo. Wana wa Israeli kule Babeli walitundika vinubi vyao juu ya miti, wakajiuliza watamwimbiaje Bwana katika nchi ya ugeni. Sisi tunaimba kila Jumapili. Lakini je, ni wimbo gani ambao Mungu anaupokea? Tujifunze kwa mtunzi wa nyimbo wa nchi hii iliyotupokea, Cyprien Rugamba. Alikuwa Mkatoliki, lakini ushuhuda wake unatufaa sisi sote.

1. Kipawa peke yake hakitoshi

Rugamba alizaliwa mwaka 1935 kusini mwa Rwanda. Aliingia seminari, lakini huko imani yake ilizimika, akatoka. Baadaye akawa mwanahistoria, mshairi na mtunzi mashuhuri. Kundi lake la nyimbo na ngoma, Amasimbi n'Amakombe, lilipendwa sana.

Watu walimshangilia, lakini moyo wake ulikuwa mbali na Mungu, na nyumbani hapakuwa na amani. Mke wake Daphrose, aliyemwoa mwaka 1965, alivumilia mengi, hata kurudishwa kwa wazazi wake kwa muda. Vijana wa kwaya, tuangalie hapo: mtu anaweza kupiga kinanda vizuri, kanisa lote likasimama, naye mwenyewe amepotea.

2. Mungu hugeuza moyo, kipawa kikafuata

Daphrose hakuacha kumwombea. Mwaka 1982 Rugamba aliugua sana, na katika ugonjwa ule alimrudia Mungu. Ilikuwa imepita miaka 17 tangu waoane. Ndoa yao ikapona, na kipawa kilekile kikaanza kumtumikia Bwana. Nyimbo zake za ibada zinaimbwa makanisani Rwanda hadi leo. Mama, wewe unayemwombea mumeo, usichoke (1 Petro 3:1-2).

3. Wimbo hutembea na matendo

Kwa kinywa cha Amosi, Mungu anawaambia watu wake kwamba amechoka na kelele za nyimbo zao. Anataka haki itiririke kama mto. Rugamba na Daphrose walielewa jambo hili. Mwaka 1990 walianzisha Jumuiya ya Emmanuel nchini Rwanda, na mjini Kigali wakaanza kuwalisha na kuwatunza watoto wa mitaani. Sisi nasi, ingawa mgawo wetu ni mdogo, kwaya inaweza kumchotea maji mzee asiye na nguvu, au kumtembelea mjane mgonjwa. Hiyo nayo ni ibada.

4. Wimbo wa Mungu hauna kabila

Siasa ya ukabila ilipopamba moto, Rugamba aliikataa waziwazi. Tarehe 7 Aprili 1994, mwanzoni mwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, aliuawa nyumbani kwake Kigali pamoja na Daphrose na watoto wao sita. Mwaka 2015 Kanisa Katoliki lilianza rasmi kuchunguza maisha yao ili watangazwe wenye heri.

Ndugu zangu, hapa somo linatugusa sisi wenyewe. Tumetoka Kongo tukiwa na vidonda, na kila kabila lina wafu wake. Je, tunaweza kusimama safu moja kwaya ikiimba, kisha Jumatatu tukakataa kusalimiana penye bomba la maji? Paulo anafundisha kwamba Kristo amebomoa ukuta wa uadui kwa msalaba wake. Tukiujenga tena kwa maneno yetu ya kambini, wimbo wetu hautavuka paa la kanisa.

Maswali ya kujadili katika familia na vikundi

1. Kipawa changu kinamtumikia nani?
2. Ni nani nimekuwa nikimwombea, nami nimekaribia kukata tamaa?
3. Ni jirani gani wa kabila lingine nitakayemsalimu wiki hii?

Tuombe: Bwana, usiziondoe nyimbo vinywani mwetu. Safisha mioyo yetu kwanza, ili tunapokuimbia upokee. Kwa jina la Yesu. Amina.