Je, Mlo Wako Unahitaji Jina?

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Dan. 1:3–16, Dan. 10:2, 3, Mt. 3:4, Mt. 6:16–18, Mt. 11:16–19, Lk. 18:9–14, Rum. 14:1–20, 1 Kor. 10:23–33.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 10:31. Lisome katika Biblia yako na kulikariri. Angalia jinsi Paulo anavyotaja kula, kunywa na kila jambo litendwalo, kisha anayapa yote kusudi moja tu: utukufu wa Mungu.

Katika makanisa mengi washiriki hula pamoja baada ya ibada ya Sabato, na mara nyingi maswali huanzia hapo. Ndugu mmoja anapakua wali na maharage, anapita sufuria ya nyama bila kuigusa, na jirani yake anauliza, "Kumbe wewe ni mla mboga?" Akijibu ndiyo, ataulizwa mbona juzi alionekana akila samaki. Akijibu hapana, ataulizwa mbona leo hali nyama. Hana kosa lolote ila kwamba mlo wake hauna jina.

Majina siku hizi ni mengi. Yupo mla mboga. Yupo anayejiita vigani, asiyetumia chochote kitokacho kwa mnyama, hata maziwa na mayai. Yupo wa keto, anayepunguza sana wanga. Wapo washiriki ambao wameacha kukaa kwenye meza ya kanisa kwa kuogopa kuulizwa wao ni wa kundi gani. Wapo pia waliojipatia jina na kuona kwamba hilo linatosha. Somo la juma hili linachunguza kile ambacho Mungu anakitafuta katika sahani ya mtu, na kama jina la mlo lina sehemu yoyote katika hilo.

JUMAPILI: Danieli na Azimio la Moyoni

*Soma Danieli 1:3–16. Ni jambo gani vijana wale walibadilishiwa bila kuulizwa? Ni jambo gani Danieli aliazimu kulikataa?*

Vijana wanne walipofika Babeli walipewa majina mapya. Danieli, ambaye jina lake linamtaja Mungu kuwa mwamuzi wake, aliitwa Belteshaza, jina lililofuata mungu wa mfalme (Dan. 4:8). Biblia haisemi kwamba alishindana na mkuu wa matowashi kwa ajili ya jina hilo. Aliposhika msimamo ni kwenye chakula na divai ya mfalme, kwa sababu hakutaka kujitia unajisi.

Angalia pia namna alivyofanya. Hakuwalaumu vijana wengine waliokula chakula cha mfalme, wala hakuanzisha kundi lenye jina. Aliomba kwa adabu ajaribiwe siku kumi. Chakula alichoomba kinaitwa mtama katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version. Neno la Kiebrania lina uhusiano na mbegu, na linaweza kuchukua nafaka, kunde na mboga kwa pamoja.

Miaka mingi baadaye, katika mwaka wa tatu wa Koreshi, Danieli aliomboleza majuma matatu bila kula chakula kitamu, nyama wala divai (Dan. 10:2, 3). Maneno hayo yanaonyesha kwamba nyakati nyingine vitu hivyo vilikuwamo katika maisha yake. Mtu akitaka kumpa Danieli jina kwa kutazama sura ya 1, jina hilo litamsumbua afikapo sura ya 10. Lakini azimio la moyoni ni lile lile katika sura zote mbili: Danieli alikula, na aliacha kula, akiwa mbele za Mungu.

*Kama ungeulizwa leo sababu ya mlo wako, je, ungejibu kwa sababu au kwa jina?*

JUMATATU: Watu Wanapokupa Jina

*Soma Mathayo 3:4 na Mathayo 11:16–19. Yohana na Yesu walitofautiana vipi katika kula? Watu walisema nini juu ya kila mmoja wao?*

Yohana Mbatizaji alikula nzige na asali ya mwitu. Yesu aliketi mezani pa watu wa kila aina, akala walichoandaa. Wote wawili walitumwa na Mungu, na milo yao haikufanana. Hata hivyo wote wawili walibandikwa majina. Yohana aliambiwa ana pepo, na Yesu akaitwa mlafi na mlevi.

Hapa pana faraja kwa mshiriki anayesumbuliwa kwa maswali. Watu waliokwisha kuamua kulaumu hupata neno la kulaumia, sahani iwe na nini. Yesu hakujibu kwa kujichagulia jina zuri zaidi. Aliwaonyesha wasikilizaji wake kwamba hekima hujulikana kwa matendo yake. Maana yake ni kwamba muda na matunda ya maisha vitasema.

Kwa hiyo si kila swali la mezani linahitaji maelezo marefu. Jibu la upole kama "Asante, hiki kinanitosha" halidanganyi wala halimhukumu mtu. Anayetaka kweli kujua sababu atauliza tena wakati mwingine, na hapo ndipo ushuhuda huanza.

*Ni lini kunyamaza mezani ni hekima, na ni lini kunyamaza ni kuona aibu kwa ajili ya imani?*

JUMANNE: Jina Linapogeuka Kipimo

*Soma Luka 18:9–14 na Mathayo 6:16–18. Kosa la Farisayo lilikuwa wapi?*

Torati iliagiza siku moja kwa mwaka ya kuitesa nafsi, yaani Siku ya Upatanisho (Law. 16:29). Farisayo wa mfano huu alifunga mara mbili kwa juma. Kufunga kwake hakukuwa dhambi. Kosa lilikuja alipokigeuza kile asichokula kuwa ngazi ya kusimamia ili amtazame mtoza ushuru kutoka juu. Yesu alifundisha njia nyingine: afungaye anawe uso na kupaka mafuta, ili jambo lake libaki kati yake na Baba.

*Soma Warumi 14:1–4, 17–20. Ni hatari gani mbili Paulo anazitaja?*

Paulo hafuti hapa maagizo ya Walawi 11 kuhusu wanyama safi na najisi. Anashughulikia waumini waliokuwa wakigombana juu ya mawazo yao. Wengine walikula mboga tu, wengine walikula kila kitu. Paulo anaona kwamba kila upande una jaribu lake. Anayekula hujaribiwa kumdharau asiyekula, na asiyekula hujaribiwa kumhukumu anayekula. Yote mawili humwumiza mtu ambaye Kristo alimfia. Ufalme wa Mungu, asema mtume, msingi wake ni haki, amani na furaha katika Roho Mtakatifu.

Jina la mlo hurahisisha makosa haya yote mawili. Ni vigumu kumdharau Mama fulani ambaye mtu anamjua na kuomba pamoja naye. Ni rahisi zaidi kulidharau kundi, "hao wa mboga" au "hao wa nyama."

JUMATANO: Safari ya Matengenezo ya Afya

*Soma 1 Wakorintho 10:31–33. Paulo anaunganishaje mlo wa mtu na wokovu wa wengine?*

Mwezi wa Juni 1863, huko Otsego katika jimbo la Michigan, Marekani, Ellen G. White alipewa njozi kuhusu matengenezo ya afya. Mwaka 1866 Waadventista walifungua taasisi yao ya kwanza ya afya katika mji wa Battle Creek. Tangu mwanzo ujumbe huo ulikuwa mpana kuliko suala la nyama. Ulihusu hewa safi, maji, mwanga wa jua, kazi na pumziko, kiasi, na kumtumaini Mungu.

Safari ya Ellen White mwenyewe inafundisha. Baada ya mwaka 1863 aliacha kuifanya nyama kuwa sehemu ya kawaida ya mlo wake, lakini kwa miaka kadhaa, hasa safarini na palipokuwa na uhaba wa chakula kingine, aliila mara chache. Ni mwaka 1894, akiwa Australia, alipoiondoa kabisa mezani pake. Kwa miaka hiyo yote thelathini, ni jina gani lingemfaa? Alikuwa mtu anayetembea katika nuru aliyopewa, hatua kwa hatua.

Katika kitabu chake cha mwaka 1905, *Huduma ya Uponyaji*, alifundisha kwamba chakula kifae majira, nchi na kazi ya mtu, na kwamba kinachomfaa mmoja huenda kisimfae mwingine. Mwaka 1909 alionya kwamba ulaji wa nyama usifanywe kipimo cha ushirika wa kanisa. Imani ya Msingi ya 22 ya Waadventista inahimiza mlo wenye afya, na kujiepusha na vyakula najisi, pombe na tumbaku. Haimwagizi mshiriki kujiita mla mboga.

Hilo lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kula ovyo. Asiye na jina la mlo bado ana Bwana, na mwili wake bado ni hekalu.

ALHAMISI: Jina Halishibishi

*Soma 1 Wakorintho 10:23–30. Ni kitu gani kinachomfanya muumini ale katika mstari wa 27, na asile katika mstari wa 28?*

Mtu ni yule yule na nyama ni ile ile. Kilichobadilika ni dhamiri ya mwenzake. Upendo ndio uliomwongoza, si jina.

Mfano mwingine unatoka katika utafiti. Tangu mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda wamefuatilia afya ya Waadventista wapatao 96,000 wa Marekani na Kanada. Ili kuwaweka katika makundi, hawakutegemea jina ambalo kila mmoja alijiita. Waliwauliza wanakula nini, na mara ngapi. Karibu nusu waliangukia katika kundi la wala nyama. Mwili nao hufanya hesabu kwa njia hiyo, kwa kile kinachoingia kila siku.

Soda, chipsi na maandazi havina nyama, lakini havimpi mtu afya. Anayeacha vyakula vyote vitokavyo kwa wanyama anahitaji kupata vitamini B12 kwa njia nyingine, kama vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo au vidonge. Jina zuri halimpi. Na mfikirie mjane anayekula ugali wa dona na matembele juma zima, na dagaa siku anapopata. Hajawahi kusikia neno vigani. Anachohitaji kwa kanisa ni maharage, karanga na matunda, pamoja na mtu wa kumsaidia kulima bustani. Kumwuliza yeye ni wa kundi gani ni kumpa jiwe badala ya mkate.

Jina lina matumizi yake. Humsaidia mwenyeji kujua apike nini, na daktari kuelewa haraka. Mwenye kisukari au anayetumia dawa azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kubadili mlo wake. Jina likiisha kutoa habari hiyo, kazi yake imekwisha.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma sura zinazohusu chakula katika kitabu cha Ellen G. White, *Huduma ya Uponyaji*. Angalia ni mara ngapi anazungumzia hali, mahali na uwezo wa mtu.

Danieli alikuwa na azimio. Yohana na Yesu walikuwa na utume. Paulo alikuwa na upendo kwa ndugu dhaifu. Hakuna kati yao aliyeacha jina la mlo wake, lakini kila mmoja ameacha mfano wa kula mbele za Mungu.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kanisa lenu, je, yupo mtu anayekwepa chakula cha pamoja kwa hofu ya kuulizwa? Darasa linaweza kufanya nini ili arudi mezani?

2. Mshiriki kijana anasema, "Mimi ni vigani, kwa hiyo sili kwa mama." Mtamshaurije ashike dhamiri yake na pia aiheshimu amri ya tano?

3. Mwingine anasema, "Mimi sina jina, kwa hiyo nakula nipendavyo." Azimio la Danieli linamjibuje?

4. Kila mmoja afikirie badiliko moja katika mlo wake ambalo Mungu anamwitia sasa. Je, anaweza kulianza juma hili bila kumtangazia mtu yeyote?