Makambako: bahari isiyo na maji

Likitajwa neno kisiwa, mawazo ya wengi wetu huenda Unguja, Pemba au Mafia. Lakini wataalamu wa viumbe wana visiwa vingine visivyo na hata ufukwe, na abiria wa basi la Songea huvipita akiwa usingizini.

Chukua ramani. Kutoka milima ya Taita kule Kenya, kupitia Pare, Usambara na Uluguru hadi Udzungwa, upo mlolongo wa milima mikongwe uitwao Tao la Mashariki. Mlolongo huo unakomea karibu na Makambako. Ng'ambo yake inaanza milima mingine: Livingstone, Kitulo, Rungwe. Katikati pana uwazi mkavu zaidi, usio na msitu wa mvua, ambao vitabu vya elimu ya viumbe vinauita Pengo la Makambako. Kitandililo ni kata ya mji huo huo. Kwa mkulima wa mahindi wa Kitandililo, hapo ni shambani. Kwa nyani au kima anayeishi juu ya miti ya msitu mnene tu, hiyo ni bahari.

Na bahari hutenga. Hali ya hewa ilipokuwa kavu zama za kale, misitu ilibaki milimani, mahali panaponasa mvua itokayo Bahari ya Hindi. Waliobaki kila mlima wakazaliana wenyewe, kizazi baada ya kizazi, wakatofautiana na ndugu zao. Ndiyo habari ya kima punju wa Unguja, na ndiyo habari ya mbega mwekundu wa Udzungwa. (Najua neno "mageuzi" huwasha moto barazani. Hapa hatuzungumzii asili ya mwanadamu; tunazungumzia kwale na kima.)

Kwale mwenyewe ana kisa. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark, wakiwa kambini Udzungwa, waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya mchuzi. Ilibainika kuwa ni ndege ambaye sayansi haikuwa imemwandika, na jamaa zake wa karibu wako misitu ya Asia!

Kisha kipunji. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimsimulia kabla wataalamu hawajamwona mwaka 2003. Mwaka 2004 akaonekana pia Ndundulu, ndani ya Udzungwa, yaani upande wa pili wa pengo. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika kwa miaka 83. Uchunguzi wa vinasaba ulionesha kuwa wa Rungwe wana alama ya kuchanganyika na nyani zamani, ilhali wa Ndundulu hawana. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 iliwakuta 1,100 na ushei tu, pande zote mbili.

Hapo ndipo tatizo la kisiwa. Moto ukiunguza msitu wa kisiwa, hakuna jirani wa kuja kujaza nafasi. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, makazi yake yote yakiwa hekta chache zenye manyunyu ya maporomoko. Maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, ule ule tunaowashia taa mijini. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Waliohifadhiwa Marekani ndio walioanza kurudishwa mwaka 2012, na manyunyu yao sasa yanatoka kwenye mabomba.

Wapo watakaosema: mbona Njombe na Makambako ni kijani tupu? Ni kweli, na mbao za misindano tunazoezekea nyumba mijini zinatoka huko. Mti huo wa kupandwa una faida kubwa, kwani kila ubao wake ni ubao usiokatwa msitu wa asili. Ila mstari wa misindano si msitu. Kipunji hapati humo matunda ya kumlisha mwaka mzima.

Pengo la Makambako ni la maumbile, halihitaji kuzibwa. La Bujingijila, kati ya Rungwe na Livingstone, ni tofauti: pale palikuwa na msitu ulioungana, watu wakaufyeka kwa mashamba na mbao. Miche ya miti ya asili imekuwa ikipandwa huko ili vipunji wa Rungwe wasije wakabaki kisiwani peke yao.