Kijana wa Kijapani Akija Baray Mwezi Machi

Sekondari za Japani huaga wahitimu mwanzoni mwa Machi na vyuo hufungua Aprili. Kijana anayetaka kuzunguka Tanzania katikati ya hapo ana wiki chache tu, nazo zinaangukia masika yanapoanza. (Chuo Kikuu cha Tokyo kiliweka mwaka 2013 mpango unaowaruhusu baadhi ya wanafunzi wapya kuchelewa mwaka mzima. Ukimpata wa aina hiyo, mwambie aje Julai.) Kama ni nyumbani kwako atakakofikia, anza kupanga na barabara.

Arusha hadi Karatu ni lami tupu. Kipande cha Makuyuni mpaka lango la Ngorongoro kilijengwa kwa msaada wa Japani, mtajie. Akipanda Noah huenda ikamwamkia kwa Kijapani: nyingi bado zina kile kifaa cha ushuru wa barabara za kwao, gari likiwashwa kinadai kadi. Shida huanza mkiiacha lami kushuka Baray, kwenye bonde la Eyasi. Mvua ikipiga huko juu, korongo hujaa hata kama kwenu kumekauka. Basi aondoke Karatu asubuhi, si alasiri, na arudi Arusha angalau siku mbili kabla ya ndege. Akikuuliza kama njia inapitika, mwambie ukweli. Ile "hamna shida" yetu ya kumfurahisha mgeni ndiyo inayowalaza watu korongoni.

Mambo ya pesa ayamalizie Karatu. Atoe shilingi kwenye mashine ya benki, aombe na noti ndogo, maana yeni hakuna wa kuipokea. Chaja zake asome maandishi madogo: zilizoandikwa 100–240V ni salama, ila kikausha nywele cha volti 100 kitaungua palepale. Plagi zao zina meno mawili bapa, hivyo adapta ainunue mapema. Chandarua ni lazima. Bonde si baridi kama Karatu mjini, kwa hiyo mbu wapo.

Siku ya kwanza mpeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji. Viza ya utalii ya dola 50 ni ya kutembea, kwa hiyo usimwahidi mwalimu mkuu kwamba mgeni atafundisha, hata kama ni wiki moja. Kwa Wahadzabe aende na mwongozaji anayefahamika kwao, bei ya ziara isemwe kabla ya kuondoka, na picha ziombwe kwanza.

Mimi ningempa usiku mmoja wa zamu ya maji shambani. Mtafutie mabuti na tochi, akae ukingoni aone jaruba la vitunguu likifunguliwa kwa jembe, maji yakijaa taratibu, kisha likizibwa kwa tope na jirani akiita kutoka gizani kwamba muda wenu umekwisha. Kamera yake aiache nyumbani, au aifunge kwenye mfuko usiopitisha maji.