Namna ya Kutazama Mtu Aliyechorwa kwa Masanduku

Ukiifuata Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, hadi Fort Jesus, unafika kwenye jengo lililopangwa kwa kipimo cha mwili wa binadamu. Msanifu wake, Giovanni Battista Cairati wa Milano, alifuata fikra ya Waitalia wa zama zake kwamba uwiano kamili umo katika mwili wa mtu. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Buruji zake nne zimetokeza pembeni kama viungo, na upande wa bahari umechomoza kama kichwa. Uso haumo, vidole havimo, ila mwili unaonekana.

Fikra hiyohiyo imo katika michoro ambayo wengi huipita wakidhani haijakamilika. Luca Cambiaso wa Genoa (1527–1585) alichora watu kwa masanduku matupu: kichwa sanduku, kifua sanduku, paja sanduku. Nyuso hazikumshinda. Mwaka 1583 alikwenda Hispania kumchorea Mfalme Felipe II katika El Escorial, jumba lake la kifalme, akafia huko. Mfalme huyo, aliyetawala Ureno pia, ndiye ambaye Fort Jesus ilijengwa katika enzi yake.

Ukikutana na mchoro wa aina hii, jiulize:

1. Uzito uko wapi? Tafuta mguu uliobeba mwili. Ukiupata, utajua kama mtu amesimama, anatembea au anaanguka.

2. Mabega na nyonga vimeinamia wapi? Vikipishana, mwili umejipinda, na hapo ndipo uhai wa mchoro ulipo.

3. Mwanga unatoka upande gani? Sanduku lina upande wa nuru na upande wa kivuli, kwa hiyo jibu huonekana upesi kuliko kwenye ngozi na nguo.

4. Kimeachwa nini? Cambiaso aliacha sura na mavazi ili aupange umati mzima wa watu bila kupotea katika mapambo.

Kisha jaribu mwenyewe. Keti barazani Ndia Kuu na penseli na karatasi. Mtazame hamali anayevuta mkokoteni, na umwombe ruhusa kwanza. Chora masanduku matatu tu: kichwa, kifua, nyonga. Yalaze kwa kadiri alivyoinama, halafu ongeza miguu. Uso uache.

Ukimaliza, ingia Fort Jesus uione michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno: majahazi, samaki, watu. Mikono iliyoichora haikuwa ya mabingwa, lakini maswali yale manne yanaifaa pia. Usiiguse, jasho la vidole huharibu rangi.

Mchoro wa mtu haupimwi kwa kufanana na sura peke yake. Unapimwa pia kwa ukweli wa mwili: unavyosimama, unavyobeba, unavyochoka. Jicho lililozoea kuuona ukweli huo halitaita tena mchoro wa masanduku kazi ya mtoto.